Maisha ya Marehemu Louis Rwagasore na Msiba wa Urundi

Wazee wa jumuiya waliponitaka niandike katika kijitabu hiki habari za mtu mmoja miongoni mwa watu wakubwa waliotutangulia, hapana shaka walidhani kuwa nitachagua mmoja wa masheikh waliofungua madrasa za mji huu. Niliwajibu kuwa nitaandika habari za mtu ambaye hakuwa wa dini yetu, ambaye hakupata kuswali nasi hata rakaa moja, na ambaye hata hivyo watu wa Buyenzi walimlilia kama mtoto wa nyumbani. Wazee walinyamaza kidogo, kisha wakakubali.

Kila inapokaribia tarehe 13 Oktoba, vijana wa madrasa hunijia na swali lile lile. Huuliza kama yafaa Mwislamu kupanda kilima cha Vugizo pamoja na watu wengine, akasimama mbele ya kaburi la Rwagasore siku ile ya kumkumbuka. Nimekuwa nikiwajibu kwa maneno machache ya fiqhi, na nimeona kwamba jawabu lile haliwatoshi, kwa sababu wanaouliza hawamjui marehemu alikuwa ni nani. Wanalijua jina, maana liko barabarani na mlangoni mwa hospitali, na sura yake wameiona kwenye noti. Basi yafaa kwanza ajulikane.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyewekwa katika kiti cha ufalme mwaka 1915 angali mtoto mdogo, na mama yake alikuwa Thérèse Kanyonga. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, waliowarithi Wajerumani baada ya vita vya kwanza vya dunia, nao walizitawala Ruanda na Urundi pamoja kama nchi moja yenye wafalme wawili. Mwami alikuwako, na ngoma zake zilikuwako, lakini aliyeamuru kodi ilipwe na barabara ilimwe alikuwa mtu mwingine.

Kijana huyu alisomeshwa na mapadri, kisha akapelekwa katika skuli kubwa ya Astrida, mji ambao leo unaitwa Butare au Huye, kule Rwanda, mahali walikosomeshwa watoto wa machifu wapate kuwa makarani na watumishi wa serikali. Baadaye alikwenda Ubelgiji, akasoma katika mji wa Antwerp, katika chuo kilichowafundisha watu kazi za utawala wa makoloni. Ni ajabu ya mambo ya dunia kwamba mtu alipelekwa kujifunza namna ya kutawaliwa kwa nchi yake, akarudi akiwa amejifunza namna ya kuikomboa. Alirejea mwaka 1956, umri wake miaka 24.

Yawapasa vijana wetu waijue vyema hali ya Usumbura ya siku hizo, maana ndivyo ulivyoitwa mji huu kabla ya uhuru. Wazungu walikaa mahali pao, Wahindi na Waarabu na Wagiriki wakashika maduka, na Waswahili wakakaa Buyenzi, katika barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari, kila moja na nambari yake. Watu wa Buyenzi wengi wao asili yao ilitoka Manyema na Ujiji na kando zote za ziwa, dini yao Uislamu na lugha yao Kiswahili. Serikali haikuwapenda sana. Iliwaona kuwa si wenyeji kamili wala si wageni kamili, na mishenari ndio waliokuwa na skuli. Basi mtoto wa Kiislamu alichagua kati ya kusoma na kubaki na dini ya wazazi wake, na wengi walibaki na dini na chuo cha Kurani, wakaishia kuwa wachuuzi, washonaji, wavuvi na madereva.

Juu ya hayo ikaja habari ya kodi ya wanawake. Kwa amri ya mwaka 1950 Wabelgiji walizuia ndoa za wake wengi, na katika miji waliweka kodi juu ya kila mwanamke anayeishi bila mume. Makarani wakawatia katika daftari hiyo hata wajane wazee na wanawake walioachwa, na mke wa pili, aliyeolewa kwa sharia mbele ya mashahidi, akahesabiwa kuwa hana mume. Jina walilopewa wanawake hao katika vitabu vya serikali lilikuwa jina la aibu. Katikati ya miaka ya 1950 wanawake wa Buyenzi walikataa kodi ile waziwazi, na waume zao wakapeleka malalamiko. Nataka jambo hili likumbukwe, kwani watu hudhani kwamba siasa ya mji huu ilianzishwa na watu waliotoka Ulaya na vyeti. Rwagasore aliporudi aliwakuta watu waliokwisha kusema hapana, tena wa kwanza wao walikuwa bibi zetu.

Mtoto huyu wa Mwami angeweza kukaa Gitega akala mali ya baba yake. Badala yake alianza na mambo ya biashara. Katikati ya mwaka 1957 alianzisha chama cha ushirika wa wafanya biashara, na waliojiunga naye kwa wingi walikuwa wachuuzi wa Kiswahili wa Usumbura. Maana ya ushirika ule ilikuwa nyepesi. Mchuuzi mmoja hawezi kununua bidhaa kwa jumla, na benki haimwamini, basi hununua kwa tajiri kwa bei anayoitaka tajiri, na mkulima naye huuza kahawa yake hivyo hivyo. Watu mia wakikusanyika huwa na mkono mmoja mrefu. Ganwa akikaa na wauza nguo na wauza ndagala, akizungumza nao habari za mtaji na faida, lilikuwa jambo ambalo Urundi haijaliona. Kwa desturi mtu wa ukoo wake huletewa zawadi, haombi mchango.

Yapasa niseme kweli kwamba ushirika ule haukwenda vyema. Hesabu hazikushikwa sawasawa, mali ilitoka kuliko ilivyoingia, na deni likapanda. Watawala walifurahi, wakaingia kati. Rwagasore alitafuta msaada nje ya nchi, na mmoja wa watu waliomsikiliza alikuwa Julius Nyerere wa Tanganyika, ambaye alimpa mashauri, na urafiki wa chama cha TANU ukaanza hapo. Kwetu sisi wa kando ya ziwa urafiki huo haukuwa wa mbali, kwani Kigoma na Ujiji ni nyumbani kwa jamaa zetu. Biashara ilianguka, lakini watu waliokusanyika kwa ajili yake hawakutawanyika. Wakawa chama cha siasa.

Chama hicho ni UPRONA. Mambo yake ya mwanzo yana maneno mengi na sitayaeleza yote. Itoshe kusema kwamba kuanzia mwaka 1958 Rwagasore alikuwa ndiye roho yake, akitaka uhuru upesi, akitaka Mwami abaki kama kivuli cha wote, na akikataa kabisa Warundi wagawanywe kwa Uhutu na Ututsi. Yeye mwenyewe mwaka 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, mwanamke wa Kihutu, na mwaka huo huo akapewa uchifu wa Butanyerera. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku mabinti wawili, wote wakafariki wangali wachanga. Hakuacha mtoto wa kumwita baba.

Wabelgiji walimwona kuwa ni mtu wa hatari. Mwezi Agosti 1960, katika mkutano wa Brussels, ilikatwa shauri kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishike vyeo vya siasa, na kila mtu alijua kanuni ile imeshonwa kwa kipimo cha mwili wa nani. Akaitwa mshauri wa chama tu, na kazi ikaendelea. Alipowataka watu waache kununua katika maduka ya wageni, na wasilipe kodi, walimshika mwishoni mwa Oktoba 1960, wakamweka Bururi kifungo cha nyumbani hadi Desemba. Katikati ya muda huo, Novemba, ndipo ulipopigwa uchaguzi wa wilaya ndogo ndogo. Chama cha PDC, kilichopendwa na watawala na kilichoongozwa na watoto wa Chifu Baranyanka, kikatangulia. Wale walikuwa wa tawi la Batare na Rwagasore wa tawi la Bezi, na ugomvi wa matawi haya mawili ya kifalme ni mkongwe kuliko Wabelgiji.

Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa ulitia mkono, uchaguzi wa bunge ukapigwa tarehe 18 Septemba mbele ya wasimamizi wake. Usiku wa kuamkia siku ile ile, Katibu Mkuu wa Umoja huo, Dag Hammarskjöld, alikufa kwa kuanguka ndege karibu na Ndola. Watu walipiga kura bila ya kujua. UPRONA ilipata viti 58 katika viti 64. Rwagasore alisema na watu akawataka wasione kwamba ni ushindi wa chama kimoja juu ya wenzake, bali ni ushindi wa utulivu na amani, nao walioshindwa aliwanyoshea mkono. Tarehe 28 Septemba akawa Waziri Mkuu. Umri wake ulikuwa miaka 29.

Nikisoma habari za mwaka ule moyo hunisinyaa, kwani dalili zilikuwa mbele ya macho. Mwami Mutara Rudahigwa wa Ruanda alikufa ghafula mwezi Julai 1959, tena alifia hapa hapa Usumbura, akiwa mkononi mwa daktari, na watu wa kwao hawakuamini kuwa ni ugonjwa. Patrice Lumumba aliuawa Katanga Januari 1961. Basi katika muda usiotimia miaka mitatu watu wa ziwa hili walikuwa wamekwisha kuona viongozi wawili wakiondoka kwa ghafula. Hata hivyo Rwagasore alitembea bila ya ulinzi wa maana. Sijui niite ushujaa au uzembe. Pengine mtu aliyeingia katika vibanda vya wachuuzi tangu ujana wake hakuweza kufikiri kwamba kuna wa kumwogopa.

Tarehe 13 Oktoba 1961 ilikuwa siku ya Ijumaa. Usiku huo, tuseme usiku wa kuamkia Jumamosi kwa hesabu yetu, Waziri Mkuu alikuwa akila chakula na wenzake katika Hoteli Tanganyika. Mtu aliyejificha nje katika giza alipiga risasi moja. Rwagasore akaanguka, akafa. Alikuwa amekaa katika uwaziri siku 15.

Aliyepiga risasi alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Alikamatwa katika siku chache, na nyuma yake wakaonekana watu wa PDC: Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli, watoto wa Baranyanka, na wengine pamoja nao. Kama nyuma ya hao walikuwako wakubwa wa Kibelgiji ni swali lililoanza kuulizwa usiku ule ule, Umoja wa Mataifa ukaliundia tume, na mpaka leo linaulizwa Bujumbura na Brussels.

Sasa nifikie kilio. Habari ilitembea usiku, na asubuhi mji ulijua. Wazee waliotulea sisi tuliozaliwa baadaye hawakupenda kuisimulia siku hiyo kwa maneno mengi. Mtu angeanza, akafika mahali, akasema basi, akainuka kutengeneza mkeka usiohitaji kutengenezwa. Marehemu alizikwa katika kilima cha Vugizo, mahali panapoutazama mji wote na ziwa lake. Walimlilia Wahutu na Watutsi na Waswahili, Wakristo na Waislamu.

Dini yetu inaruhusu machozi. Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na aliposhangaliwa alieleza kuwa machozi ni huruma. Imekatazwa kupiga mayowe na kuchana nguo na kulalamikia majaliwa. Muda wa matanga ni siku tatu, ila mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi. Na imepokewa kwamba jeneza la Myahudi lilipopita Mtume alisimama, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi aliwajibu kwa maana ya kwamba je, naye si nafsi? Babu zetu hawakumswalia Rwagasore, wala haikuwapasa, kwani sala ya maiti ni haki ya Waislamu. Kumhuzunikia, na kuwapa pole jamaa zake, hakuna aliyewakataza. Basi upande huu wa swali la vijana umekwisha, na si mgumu.

Upande mgumu ni mwingine. Mtu mmoja akifa, mazishi yakimalizika, jamaa husimama na kutangaza mbele ya watu kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Sharia imeweka utaratibu ulio wazi: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia, na mwisho kabisa ndipo mirathi igawanywe. Warundi nao wana utaratibu wao mzuri. Baada ya mazishi kuna siku ya guca ku mazi, na baada ya muda mrefu kuna siku ya kuganduka, ambapo jamaa wanakutana, msiba unavuliwa, na watu wanarudi katika kazi zao. Haya ni ya mtu na nyumba yake. Nchi nzima ikifiwa ghafula, nani hutangaza deni? Nani husema leo tumeganduka?

Sisi Waislamu tunayo mifano miwili ya mambo haya. Wa kwanza ni ule wa mwaka wa 11 Hijria, Mtume alipofariki. Sayyidna Umar, pamoja na nguvu zake zote, alikataa kuamini, akawatisha waliosema kwamba Mtume amekufa. Sayyidna Abubakar aliingia ndani, akafunua uso uliobarikiwa, akaubusu, akatoka nje, akawaeleza watu kwamba Muhammad amekufa na Mungu ni hai hafi. Watu wakarudiwa na akili.

Mfano wa pili ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka wa 23 Hijria Sayyidna Umar alipigwa jambia msikitini, katika sala ya alfajiri, na mtumwa aliyeitwa Abu Lu'lu'a. Alipojua kuwa hataishi, alimwamuru mwanawe Abdullah ahesabu madeni yake. Yakahesabiwa, yakawa kiasi cha dirham 86,000, akaagiza yalipwe kwa mali ya nyumba yake, isipotosha wasaidie jamaa wa ukoo wake, isipotosha Makureshi. Kisha akawaacha watu sita washauriane nani atamfuata. Lakini alikuwako na mwana mwingine, Ubaidullah. Huyu hakukaa kwenye hesabu. Huzuni ilimpanda kichwani, akashika upanga, akamwua Hurmuzan, na Jufaina, na binti mdogo wa yule muuaji, bila ya hukumu ya kadhi, kwa kuwa alisikia tu kwamba walionekana pamoja. Jambo la kwanza lililomkabili Sayyidna Uthman katika ukhalifa wake lilikuwa damu ya Hurmuzan, na diya yake akaitoa katika mali yake mwenyewe. Wana wawili, baba mmoja, msiba mmoja. Mmoja alikwenda kulipa na mmoja alikwenda kuua.

Nikiyatazama mambo ya Burundi baada ya Oktoba 1961, naona kwamba nchi ilimfuata Ubaidullah.

Uwaziri Mkuu ulikwenda kwa André Muhirwa, shemeji wa marehemu. Wengine walimtaka Paul Mirerekano, waliosema kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu na roho ya chama. Muhirwa alikuwa ganwa, Mirerekano Mhutu. Kabla ya mwaka kugeuka warithi walikuwa wamesimama pande mbili wakivuta kitambaa kimoja, na baadaye pande hizo zikapewa majina ya miji ya mbali, Casablanca na Monrovia, kama kwamba ugomvi wa nyumbani ukiitwa kwa jina la kigeni hupungua aibu. Mirathi iligawanywa, na lile deni kubwa alilolikopa marehemu kwa watu, yaani ahadi yake kwamba Mrundi hataulizwa kabila yake, halikusomwa mbele ya mtu.

Januari 1962 vijana wa chama, waliojiita Vijana wa Rwagasore, waliingia Kamenge, wakawaua viongozi wa Kihutu wa vyama vya wafanyakazi na kuchoma nyumba. Wasomaji wazingatie. Hazijatimia hata siku mia tangu auawe, na jina lake lilikwisha kuwa rungu la kuwapigia wale aliowaita ndugu. Wako watakaosema nisiyafukue haya katika kijitabu cha kumbukumbu. Nimeyafikiri sana, nami naona kwamba kumsifu maiti huku tukificha yaliyofanywa kwa jina lake ni kumwongezea deni.

Kisha hukumu. Mahakama ya wakati wa Wabelgiji iliwahukumu wauaji, na baada ya rufaa aliyebaki na hukumu ya kifo alikuwa Kageorgis peke yake. Akapigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine walipewa vifungo. Uhuru ulipofika, serikali mpya iliona kwamba hukumu ile haitoshi, ikawarudisha mahakamani kwa damu ile ile, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano walinyongwa hadharani Gitega: Ntidendereza, Biroli, Nahimana, Ntakiyica, na Mgiriki Iatrou. Mji ule ule alikozaliwa Rwagasore.

Siwatetei. Damu ya mtu asiye na kosa ni jambo zito, na kisasi kimewekwa na sheria ya Mungu ili watu waishi. Lakini kisasi cha sheria ni mlango wa kufunga, hukatwa shauri mara moja na kufungwa. Hukumu ikifunguliwa tena kwa sababu watu hawajashiba, hapo si kadhi tena anayehukumu, ni huzuni. Nami humkumbuka mzee Baranyanka, aliyepoteza wana wawili kwa kamba siku moja. Huko nako kulikuwa na kilio, na hakuna aliyekwenda kutoa pole.

Miaka miwili kamili baada ya siku ile, tarehe 15 Januari 1965, Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu wa UPRONA na mtu aliyefanya kazi na Rwagasore, alipigwa risasi akitoka hospitali alikokwenda kumtazama mkewe aliyejifungua. Mwaka 1966 ufalme ulikwisha, na Mwami Mwambutsa akafia ugenini Geneva mwaka 1977. Mwanawe mwingine, Ntare wa Tano, aliuawa mwaka 1972, naye Gitega, katika mwaka ambao wasomaji wengi wa hapa hawahitaji kuelezwa.

Na mimi mwenyewe nilikuwa kijana tarehe 21 Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Nakumbuka tulitoka sala ya alfajiri tukakuta watu wamesimama barabarani bila kusema. Mzee mmoja wa Buyenzi, aliyemjua Rwagasore kwa macho, aliketi kizingitini mwa msikiti, akaweka viatu vyake mapajani, wala hakuvivaa mpaka jua lilipopanda. Wakati ule nilidhani anamlilia Ndadaye. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa akingoja yatakayofuata, kwa sababu alikwisha kuyaona mara moja. Nayo yalifuata, vilimani na mjini, kwa miaka mingi.

Basi jawabu langu kwa vijana ni kwamba waende Vugizo. Wapande kwa adabu, wasikanyage mahali pasipopasa, wasimame na wenzao wa dini nyingine kama Mtume alivyosimama kwa jeneza lile. Wasimwombe marehemu kitu, kwani wafu hawaombwi. Na wakiwa pale juu wageuze uso kaskazini na magharibi, wataona mabati ya Buyenzi na barabara zake za nambari. Wakishuka wapite kwa wazee waliobaki, ambao sasa wanahesabika kwa vidole, wawaulize ni nani katika jamaa zao alikuwa mwanachama wa ule ushirika wa mwaka 1957, na aliweka kiasi gani, na kama alipata kurudishiwa. Majibu wayaandike kwenye daftari, waniletee madrasani.